Fatiha ya Bi Mwanahija

Mikandaani, kijiji kilichoko kati ya Zinga na Mbegani, hapakuwa na mtu asiyejua kwamba mjukuu wa Bi Mwanahija anasoma maendeleo ya kimataifa. Ni kitu gani hasa, wengi hawakujua. Lakini kwamba kinasomwa, walijua, maana Bi Mwanahija hakuweza kununua hata kiberiti dukani bila kulitaja jambo hilo. Na alilitaja polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayemimina mafuta ya taa kutoka kwenye debe kwenda kwenye chupa, hataki hata tone liende kando.

"Anasomea kuendeleza nchi," alikuwa akieleza. "Si hii yetu tu. Zote."

"Zote?" Bwanausi alimuuliza siku moja wakiwa harusini. Bwanausi alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na pia mdogo wa marehemu mume wake, kwa hiyo utani baina yao ulikuwa halali. "Basi shemeji, mwambie kabla hajafika huko kwengine atupitie hapa shuleni. Mlango wa choo umeng'oka tangu Ramadhani."

Watu walicheka, na Bi Mwanahija alicheka zaidi yao. Mtu mwenye fahari hadhuriki na utani.

Alikuwa na haki ya fahari hiyo, tuseme ukweli. Mama yake Ibtihal alifariki mtoto hajaota hata meno, na baba yake, mtoto wa duka la vitambaa pale Bagamoyo mjini, alikwenda kwa ndugu zake Maskati akakawia mpaka watu wakaacha kumuulizia. Bi Mwanahija akamlea mtoto kwa mwani. Kila bamvua, maji yakitoka, alishuka pwani na wanawake wenzake, kanga imefungwa kiunoni, wakafunga vishada vya mwani kwenye kamba, wakavuna, wakapandisha na kuanika. Alasiri alirudi kwenye baraza yake kufundisha watoto Kurani. Nusu ya wanaume wa Mikandaani, wenye ndevu na wajukuu wao, alifu waliijulia kwenye mkeka wake, na baadhi yao walionja na kijiti chake cha mkwaju pia.

Ibtihal akamaliza chuo kikuu Dar es Salaam. Akapata nafasi ya kwenda Uholanzi kuongeza. Aliporudi akaajiriwa na shirika moja la watu wa ng'ambo, ofisi iko Masaki, na Idi ya kwanza aliletwa nyumbani na gari jeupe refu lenye waya mrefu juu. Dereva alikunywa maji ya dafu uani. Bi Mwanahija alikuwa amefagia mpaka nje kwa jirani, na lile gari alilitazama likigeuza kana kwamba yeye ndiye aliyelizaa.

Gari lile lilikuja Idi mbili. Halafu wafadhili wa huko walikata msaada, ofisi ikafungwa, na Ibtihal alirudi Mikandaani kwa bajaji, na sanduku limefungwa kamba nyuma.

"Yuko likizo," Bi Mwanahija aliwaambia majirani.

Likizo ile ikawa ndefu. Ilipita masika. Watu wa pwani ni waungwana, hawakuuliza moja kwa moja, waliuliza tu, "Mjukuu hajambo? Bado yupo?" na yeye akajibu, "Bado yupo, likizo zao huwa hivyo." Kila alipolisema jambo hilo alihisi joto likimpanda shingoni, lakini neno lilikwisha kutoka mara ya kwanza, na kulirudisha lilikuwa tabu kuliko kulikariri.

Kilichomzidishia haya ni kwamba Ibtihal mwenyewe hakuonekana kuwa na haya hata kidogo. Alichukua kanga kuukuu ya bibi yake, akashuka pwani na kina Sada kufunga mwani. Alirudi miguu imechanjwachanjwa na vidole vimekunjamana kwa maji.

"Umesoma mpaka Ulaya uje ufunge mwani," Bi Mwanahija alimwambia siku moja jikoni. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi, na alikuna kwa nguvu mno, mpaka kile cheusi cha kifuu kikaingia kwenye nazi.

"Bibi, kule Masaki kazi yangu ilikuwa kuandika habari za wanawake wa mwani. Nawaandikia watu wa mbali. Kurasa na kurasa. Na mwani wenyewe sijaugusa tangu darasa la saba." Ibtihal alisuuza mikono. "Juzi Sada kaniuliza, hivi nyie huko mlikuwa mnaandika tunafunga kwa fundo gani? Nikashindwa kulifunga hilo fundo. Wamenicheka mpaka maji yakajaa."

"Na wenzako uliosoma nao? Na wao wanachekwa?"

"Vaileth yuko Dodoma, wizarani. Basil anauza bima. Mwingine yuko Nairobi kwenye kambi ya wakimbizi, yule ndiye anayelipwa vizuri, na analia kila Jumapili."

"Basi na wewe nenda ukalie Nairobi."

Ibtihal alicheka, akambusu bibi yake kwenye utaji. "Unajua tulisoma nini sana, Bibi? Ushirikishwaji. Kwamba wananchi washirikishwe. Nimeandika insha za ushirikishwaji mpaka mkono ukaniuma. Na mkutano wa kijiji changu mwenyewe sijaukalia hata mara moja. Hilo ndilo linalonitia aibu, si kurudi kwa bajaji."

Bi Mwanahija alishika la mwisho tu, la bajaji, na tui likamchacha moyoni.

Mkutano ulikuwa unakuja kweli. Kampuni moja ilitaka ufuko wa Mikandaani ijenge hoteli, na ufuko huo ulianzia pale wanawake walipoanika mwani na ukachukua na njia yao ya kushukia. Kampuni ilisema itajenga zahanati. Bwanausi aliitaka zahanati ile kwa moyo wake wote, na si kwa ubaya; mkwewe alijifungulia kwenye bajaji njiani kwenda Bagamoyo, na mtoto hakukaa. Kila alipoongea juu ya zahanati sauti yake ilibadilika.

Alikuja kwa Bi Mwanahija siku mbili tatu kabla ya mkutano, akakaa barazani, akakataa chai, akaikubali.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Wa nyumbani?"

"Salama. Shemeji, nimekuja kwa mtoto." Alizungusha kikombe. "Anapita kwa wanawake na maneno ya sheria. Mita sitini kutoka maji yanapofika hakijengwi kitu, mita sitini. Sasa mtu kama yeye, msomi, mkutanoni atasimama kunipinga mbele za wageni, na mimi darasa la saba lenyewe nilimalizia chini ya mti. Si vizuri. Mimi ni babu yake."

"Ni babu yake," Bi Mwanahija alikubali.

"Mzuie kidogo. Akiwa na neno, aniletee nyumbani."

Bi Mwanahija alimkumbuka Bwanausi huyuhuyu akishuka kaburini kumpokea kaka yake, udongo umemjaa masikioni. Akamwambia, "Nitasema naye." Na alisema naye. Ibtihal alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akamjibu kwamba angemletea babu neno lake nyumbani kama njia ile ingekuwa ya nyumbani.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule, wanaume kwenye madawati, wanawake kwenye mikeka upande wa madirisha. Mwekezaji hakuja, ilikuja picha yake, yaani picha ya hoteli, kubwa, ikabandikwa ubaoni. Nyumba za makuti, vitanda vya kuotea jua, na bwawa la kuogelea.

"Bahari ndiyo hiyo hapo," mwanamke mmoja alinong'ona. "Bwawa la nini?"

"La kuogea wasioamini bahari," Sada alimjibu, na mkeka mzima ukatikisika kwa kicheko.

Bwanausi alieleza, na alieleza vizuri. Alipofika kwenye zahanati ukumbi ulinyamaza wote. Kisha akauliza kama kuna swali, na Ibtihal akasimama, akamwamkia babu yake, akawaamkia wazee, mambo yote kwa utaratibu.

"Mimi nauliza moja, babu. Wanawake watashukia wapi?"

"Itapatikana njia."

"Ipo kwenye ramani?"

"Ramani inatengenezwa."

"Basi tunaombwa tukubali ramani ambayo haijatengenezwa?"

Minong'ono ikaanza. Bwanausi alipangusa uso kwa kitambaa. Alisema vijana wapunguze haraka, na Ibtihal akasema ni kweli, kwa hiyo mkutano nao upunguze haraka, tuione ramani kwanza. Hapo wanawake kadhaa walicheka, na kicheko cha wanawake ndicho kilichomkasirisha Hamidu, kijana aliyekwisha kuahidiwa ulinzi wa hoteli.

"Huyu kafukuzwa kazi Dar," Hamidu alisema kutoka nyuma, kwa sauti ya mtu anayejisemea ila anataka asikiwe. "Sasa anatafuta kazi kwetu."

"Hajafukuzwa," mwingine akamjibu, akijifanya anatetea. "Yuko likizo. Si Bi Mwanahija alisema? Likizo ya mwaka mzima. Huko Umoja wa Mataifa ndio huwa hivyo."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Walicheka waliofundishwa alifu na wasiofundishwa. Bi Mwanahija, pale kwenye mkeka, alijua wakati uleule kwamba walikuwa wanajua siku zote, kila alipowajibu dukani na kisimani, na kwamba walikuwa wakiachana naye kwenye salamu wakaenda kucheka mbele.

Akatarajia Ibtihal aketi. Ibtihal hakuketi.

"Sipo likizo," alisema. "Ofisi ilifungwa, sina kazi, na nyumbani tunajua hivyo. Sasa turudi kwenye ramani."

Alilisema hilo taratibu, bila hasira, kama mtu anayesogeza kiti kilichoziba njia. Lakini Bi Mwanahija alilisikia kana kwamba amevuliwa mtandio mbele ya wanaume. Masikio yalimvuma. Aliona midomo ya Ibtihal ikiendelea, aliona kidole chake kikionyesha ile picha, aliona Bwanausi akimtazama yeye, si Ibtihal, yeye, kwa macho yaliyosema, shemeji, nilikuomba. Alitaka jambo moja tu duniani: mkutano ule uishe.

Akainua viganja vyake viwili.

"Al-Fatiha," alisema.

Hapa yafaa asiyekaa huku aelezwe. Posa ikikubaliwa, Mikandaani husomwa fatiha. Ndugu wakigombea mpaka wa shamba, wakipatanishwa, husomwa fatiha. Kikao kikifika mwisho, husomwa fatiha, na ikishasomwa, neno lililokuwa mezani limepita. Hajatokea mtu wa kuongeza lake baada yake, itakuwa kama kumlisha chakula aliyekwisha kunawa. Si kawaida mwanamke kuitoa kwenye mkutano wa kijiji. Lakini hawa waliizoea sauti ile tangu wakiwa na kamasi. Ikisema soma, mikono inakwenda yenyewe. Ukumbi mzima uliinua viganja. Methodius, mtendaji wa kijiji, mtu wa Songea na Mkatoliki, aliinamisha kichwa kama alivyojifunza kwa miaka aliyokaa nao. Na Ibtihal, aliyekuwa katikati ya sentensi, alisimama kidogo mdomo wazi, kisha naye akainua viganja. Asingeweza kufanya vingine. Aliisomea wapi, kama si kwenye mkeka ule?

"Amin," watu walisema, wakapaka nyuso, wakasimama, wakakung'uta nguo. Madawati yakakwaruza sakafu. Methodius aliandika kwamba mkutano umeafiki na umefungwa kwa dua. Hakuandika uongo kwa alivyojua. Kwa miaka yote hiyo, maana yake ilikuwa hiyo.

Usiku ule walikula bila maneno mengi, na asubuhi Ibtihal aliwahi kuamka akachemsha chai. "Bibi, chai tayari." Hakununa. Hakumlaumu. Aliendelea kumchotea maji ya udhu na kumsugua magoti kwa mafuta ya karafuu, na upole ule Bi Mwanahija aliuona mzito kuliko matusi. Siku ya tatu alishindwa.

"Mwanangu, mimi nilikuwa nakusitiri. Walikuwa wanakucheka."

Ibtihal alikuwa akianua nguo. Aliikunja kanga moja, akaiweka, akachukua nyingine.

"Mimi ndiye uliyenisitiri, Bibi?"

Aliuliza kweli, hakukejeli. Bi Mwanahija aliichukua ile kanga iliyokwisha kukunjwa, akaikunja upya.

Mwezi haukuisha, nguzo zikaletwa, na senyenge ikavutwa kukata njia ya pwani. Wanawake wa mwani wakawa wanazungukia mbali, karibu na Mbegani, na kurudi na mwani mbichi kichwani, maji ya chumvi yakiwachuruzika machoni. Sada alikuja kupumzika barazani kwa Bi Mwanahija siku moja, akaweka tenga chini, akapewa kata ya maji.

Sada alikuwa mwanamke wa maneno mengi ya mzaha, na alianza kwa mzaha. "Bi Hija, hoteli yako imetukondesha. Mume wangu anasema sasa ananiona kiuno."

Bi Mwanahija hakucheka.

Sada akanywa maji, akatua kata. Aliposema tena sauti ilikuwa nyingine. "Siku ile mimi nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono. Tulikuwa tumepanga, akimaliza Ibtihal naingia mimi, halafu Sihaba, halafu wengine. Sikuwahi kusema mkutanoni tangu nizaliwe. Nilikuwa natetemeka. Mkono uko juu hivi." Aliunyoosha. "Basi ulipoitoa fatiha, nikaugeuza hivi." Akakigeuza kiganja, akakitazama. "Nikaomba."

"Nisamehe, Sada."

"Sikuja kwa hilo, bibi yangu. Nimekuja kwa kivuli." Akajitwika tenga lake, akaenda.

Bi Mwanahija alibaki amekaa. Watoto wa chuo walikuja alasiri na juzuu zao vifuani, wakaketi, na alipotaka kuwaanzishia alianza kama alivyoanza siku zote, na sura ya kwanza ilipofika ulimini ikamkwama. Aliwaambia watoto leo waende wakacheze. Walifurahi sana. Yeye akaingia ndani akajifungia, akaona haya hata ya kutandika mswala. Maneno yale aliyafundisha miaka yote kwamba ni ya kumwomba Mola njia iliyonyooka, na siku aliyoyahitaji aliyachukua kama mtu anavyochukua mfuniko, akafunikia uongo wake wa dukani. Na chini ya mfuniko uleule akawafunikia wenzake, na mkono wa Sada.

Jioni alimwita Ibtihal.

"Mambo yakishafungwa mkutanoni, huwa yamefungwa moja kwa moja?"

Ibtihal alimtazama vizuri kabla ya kujibu. "Mkutano mkuu hukaa kila robo mwaka. Kabla ya mengine, muhtasari wa ule uliopita unasomwa. Watu wanaulizwa kama ndivyo ilivyokuwa. Mtu akiona sivyo, ananyoosha mkono, anasema ana marekebisho."

"Na mtu huyo anaweza kuwa wewe."

"Mimi nitasema sikumaliza swali. Wataniambia, mbona ulisoma nasi fatiha? Sikuombi kitu, Bibi."

"Najua huombi."

Na alijua pia kwamba angeombwa ingekuwa rahisi. Siku zilizobaki kabla ya mkutano alilala vibaya. Mara aliona afadhali aende kwa Bwanausi kimyakimya, wayamalize nyumbani. Akajitengenezea maneno, akavaa buibui, akafika mpaka kwenye uzio wake, akawasikia wajukuu wa Bwanausi wakicheza, akakumbuka yule mmoja ambaye hakukaa. Akarudi. Kumwambia shemeji peke yake kungekuwa kujisitiri tena. Mkutano alikuwa ameufungia hadharani, aufungulie hukohuko.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa zaidi, kwa sababu ya senyenge. Methodius alisoma muhtasari kwa sauti yake ya kanisani, na alipofika pale alisoma, "Wananchi waliafiki, na mkutano ukafungwa kwa dua." Bwanausi akauliza kama kuna marekebisho, kwa namna ambayo huulizwa siku zote, macho yamekwisha kwenda kwenye jambo linalofuata.

Bi Mwanahija alinyoosha mkono. Bwanausi hakuuona, au alidhani anajipepea. Ikabidi asimame, na kwa magoti yale kusimama kutoka mkekani ni kazi ya kuonekana na kila mtu. Alishika bega la Sihaba, akashika dirisha, akasimama.

"Nina marekebisho," alisema.

"Shemeji?"

"Hapo palipoandikwa wameafiki. Hawakuafiki. Hawakuulizwa. Mtoto alikuwa anauliza, na wengine walikuwa na yao, na mimi nikatoa fatiha."

"Fatiha imesomwa, shemeji," Bwanausi alisema kwa upole. "Tumeisoma sote. Fatiha hairudishwi."

"Haijarudi. Imekwenda kwa mwenyewe, na mimi nina hesabu yangu naye." Alikuwa amejiandalia maneno mazuri tangu juzi, na yote yalikuwa yamemtoka. "Mimi sikuitoa kwa ajili ya ardhi. Ardhi sikuwa naifikiria. Niliwaambia watu mjukuu wangu yuko likizo. Hayupo likizo. Siku ile mlinicheka, nikaona haya, nikataka mnyamaze. Basi. Nilijua mkisikia fatiha mtanyamaza, kwa kuwa mimi ndiye niliyewafundisha kunyamaza."

Hakuna aliyecheka sasa. Ingekuwa nafuu wangecheka. Hamidu alikuwa akitazama viatu vyake. Wanaume wengine walitazama dari, kama watu waliomkuta mama yao anaoga.

Methodius aliweka kalamu juu ya karatasi, akasubiri, halafu akauliza, kwa sababu ilikuwa kazi yake kuuliza, "Sasa mama, niandike nini? Mkutano ulifungwa kwa sababu gani?"

"Andika Mwanahija aliona haya."

"Niandike hivyohivyo?"

"Andika, mwanangu, ili tusonge."

Aliandika. Kalamu ilisikika. Bi Mwanahija alishuka tena mkekani, taratibu, na hakuna hata mmoja aliyempa mkono, kwa kuwa hawakujua kama ingekuwa heshima au kumwongezea.

Bwanausi alikuwa mtu wa haki, na mbele ya watu wote wale asingeweza kusema waliafiki baada ya kusikia vile. Akasema, bila kumtazama yeyote, "Basi swali lililokuwapo liulizwe."

Ibtihal hakusimama. Alisimama Sada, akauliza njia iko wapi kwenye ramani, sauti ikimkatika, akafuata Sihaba, akafuata mzee mmoja ambaye hakuna aliyemtarajia, akauliza kama zahanati ile imeandikwa popote au imesemwa tu. Haikuwa imeandikwa popote. Saa nzima ilikwenda. Mwisho walikubaliana kwa mikono kwamba senyenge itolewe njiani, kampuni ilete ramani yenye njia ya wanawake na ahadi ya zahanati kwa maandishi, na mpaka hapo hakuna kilichokubaliwa. Mkutano ukafungwa, na aliyeitoa fatiha alikuwa imamu. Bi Mwanahija aliisoma na wengine, viganja vyake chini chini, karibu na mapaja.

Nje, watu walipita kando yake wakamwamkia vizuri. Bwanausi alipita. Hakuamkia. Haikuwahi kutokea tangu alipoolewa ukoo ule, yeye binti na Bwanausi bado anachunga mbuzi.

"Amekasirika," Ibtihal alisema wakiwa njiani.

"Ana haki. Nimemvunjia heshima mara mbili. Ya kwanza alidhani namsaidia."

"Atakuja, Bibi."

"Akija, atakuta nipo."

Walitembea. Ibtihal alitaka kusema jambo, akaliacha, kisha akalisema. "Kuna shirika la Mtwara limeniandikia. Wanataka mtu."

"Utakwenda?"

"Sijui. Labda baada ya ramani kuja. Nataka niione ikija."

Bi Mwanahija aliitikia kwa kichwa. Mtu aliyekutana nao karibu na duka aliuliza, kwa adabu ya siku zote, "Mjukuu hajambo?" na Bi Mwanahija alimjibu, "Hajambo. Hana kazi," akaendelea kutembea, shingo imemwaka moto uleule, haukupungua kwa kusema kweli.

Bamvua lililofuata lilikuta njia wazi. Alfajiri, kabla jua halijatoka, Bi Mwanahija aliwasikia wanawake wakipita nyuma ya nyumba yake kushuka pwani, matenga matupu yakigonganagongana, na sauti ya Ibtihal katikati yao ikichekwa kwa sababu ya fundo. Alikuwa amekaa kitandani, utaji mkononi. Zamani angetoka mlangoni, angewatania, angewaambia wamletee chaza.

"Bi Hija," Sada aliita ukutani. "Twapita."

Hakutoka. Aliufunga utaji vizuri, kana kwamba wangeweza kumwona kupitia udongo wa ukuta, akaitikia kutoka humohumo gizani.

"Piteni, wanangu. Piteni."